Kipimajoto cha Zahanati

Bukuru aliwaleta kwa treni, saba,
ndani ya ndoo ya rangi iliyosuguliwa kwa majivu,
usiku kucha toka Kigoma akisukuma pampu ya baiskeli,
mpira umetumbukia majini, abiria wakimtazama
kama mtu anayejaza ziwa upepo.
Saba, manjano ya ganda la ndimu mbivu,
watoto wa mawe na kina,
wa maji yasiyokasirika upesi.
Nikawapa sanduku la kioo, studio, Isevya,
nyuma ya kiti cha maharusi.

Maharusi wakapenda. "Tupige na samaki."
Nami nina taa tatu za zamani, zile za nyuzi,
zinazokula LUKU kama nzige;
dakika kumi tu, poda ya bibi harusi inateremka shingoni.
Sikuwaza kwamba samaki hana leso.

Ikaja Oktoba. Ya Tabora mnaijua:
bati linaalika peke yake,
kuku anapita kaachanisha mbawa, kwapa nje.
Mmoja akapanda juu, mdomo hewani,
afungua, afumba,
kama shahidi ambaye hakimu hamsikii.
Magharibi alikuwa amelala ubavu.

Nikaenda zahanati kuazima kipimajoto.
Nesi Nyanzala alicheka mpaka akakaa:
"Hiki hakianzi kuhesabu mpaka thelathini na tano.
Kikikusomea humo, usiniite mimi,
tafuta chumvi na ndimu."
Tangu siku hiyo napima kwa kiwiko,
kama mama na beseni la mwanawe.

Mashine ya kupoza ipo, nimeiulizia,
bei yake mbuzi wanane. Sikuuliza tena.

Nikaukumbuka mtungi wa bibi, kule Sikonge.
Hauna waya, hauna swichi,
unatoka jasho tu, kimya, pembeni ya mlango,
na jasho likiondoka linaondoka na joto lake.
Kumbe maji hupoa yakiruhusiwa kwenda.

Nikang'oa kifuniko.
Kutoka kompyuta iliyokufa, mali ya chama cha tumbaku,
nikachomoa feni, upana wa kiganja,
nikaifunga kwa waya wa hanga, ipulize mshazari
juu ya maji, iyakwaruze ngozi.
Inalia kama nyuki aliyesahaulika kibuyuni.
Chandarua kikuukuu nimekitandika juu,
maana wawili walishajaribu kuruka.
Kila asubuhi maji yamepungua vidole viwili.
Hiyo ndiyo kodi yangu, nalipa
kwa maji ya ndoo yaliyolala usiku.

Taa nimezipandisha karibu na dari,
nikazigeuza zitazame ukuta mweupe;
mwanga sasa unarudi umepoa,
kama neno kali lililopitia kwa shangazi.

Nilikosea mara moja.
Adhuhuri, kwa pupa, chupa mbili za barafu
za Kapaya muuza juisi ya ukwaju, shilingi mia tano,
nikazizamisha pamoja.
Samaki wakaganda pembeni, mapezi yamebanwa,
kumbe baridi nayo ina kofi lake.
Sasa chupa moja, ndani ya soksi,
na mkono wangu usiondoke pale.

Jumamosi wakaja maharusi wa Kanyenye,
bwana harusi kafungwa tai, jasho linamtafuta.
Nikapiga picha nne, nikazima taa.
"Mbona giza?"
"Tusubiri kidogo. Maji yapumue."
Wakanitazama, wakatazama kiwiko changu,
shati limelowa hapo tu, duara,
kisha bibi harusi akavua viatu
akasogea kwenye feni.

Usiku Bukuru akapiga simu.
Nyuma ya sauti yake nilisikia injini za boti, Kibirizi.
"Wote saba wazima?"

Nikamweleza habari za feni,
kwa kirefu.